MACHO YATOKANAYO NA MARADHI YA TEZI YAPIMWE MAPEMA

WAHENGA walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Lakini katika vijiji vyetu, kuanzia Ndanda, Masasi na Newala hadi Unguja na Pemba, mtu aliyetokwa na macho, hata akalala kope zikiwa wazi, huambiwa kuwa ana husuda au amerogwa. Mawingu yanaonekana, ila mvua haitambuliwi.

Ukweli ni kwamba mara nyingi mtu huyo anaugua tezi ya shingo. Kinga ya mwili wake imemgeukia mwenyewe: inaichochea tezi ifanye kazi kupita kiasi, na inashambulia misuli na mafuta yaliyo nyuma ya jicho. Daktari Robert Graves wa Dublin aliyaeleza maradhi haya mwaka 1835. Dalili iliyo ya kawaida zaidi machoni ni kope ya juu kupanda. Huwapata wagonjwa kama tisa katika kila kumi.

Kwa nini kope hupanda? Hapo ndipo picha inapohitajika. Kope ya juu huinuliwa na misuli miwili, mkubwa na mdogo. Huenda msuli mdogo umechochewa tu. Huenda ule mkubwa umevimba. Au huenda umekwisha kuwa kovu. Kwa kutazama tu, ni vigumu kuyatofautisha mambo hayo. Mashine ipigayo picha kwa sumaku huonyesha unene wa msuli, na kama bado una majimaji ya uvimbe. Uvimbe hutulizwa kwa dawa. Kovu hurekebishwa kwa upasuaji, tena baada ya maradhi kutulia kwa miezi sita hivi. Anayepasuliwa mapema aweza kurudi alikotoka.

Jambo hili lisichanganywe na rovu la upungufu wa madini joto. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta rovu kwa asilimia 32 ya wanafunzi waliopimwa Pemba, kisiwa kilichozungukwa na samaki. Na chumvi yenye madini joto ilikuwa katika asilimia 1 tu ya nyumba. Chumvi hiyo haina budi kusimamiwa kwa dhati, lakini haitibu macho tunayoyazungumzia.

Hatusemi kila mgonjwa apelekwe kwenye mashine. Tochi, rula na muuguzi makini vyatosha kumshuku, na kipimo cha damu kikaonyesha hali ya tezi. Picha ni ya yule ambaye tiba yake ina shaka; na ni ya haraka kwa yule anayeona rangi zikififia, kwani huenda mshipa wa fahamu wa jicho umebanwa. Hao ni wachache, kama watano katika mia, lakini wakicheleweshwa hupofuka.

Basi viongozi wasiridhike kuandika rufaa. Mgonjwa wa Ndanda anayetumwa Muhimbili ana safari ya zaidi ya kilomita 500. Wa Pemba ana bahari mbele yake. Rufaa isiyo na nauli wala tarehe ya kipimo ni karatasi tu. Bara ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Utekelezaji wake upimwe kwa mgonjwa kama huyu.

Nasi wananchi tuache kumnyooshea kidole mwenzetu. Tumshauri aache tumbaku, ambayo huzidisha maradhi haya, kisha tumsindikize hospitali angali anaona njia.