Pimeni Macho, Si Miaka

Ajali ikitokea kati ya Keroka na Kisii mjini, mshtakiwa anajulikana hata kabla polisi hawajafika: kijana. Kama si wa boda, ni wa ile Probox yenye abiria mpaka kwenye buti. Sawa, vijana tuna makosa yetu, na si machache. Ila rika langu limepata jibu lake: ati mzee akifika 70, apokonywe leseni. Mimi nalipinga, na bado simwachii mzee njia wazi.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakuambia umri wa kuanza kuendesha gari. Umri wa kuacha haitaji. Leseni unaifanya upya kwa mwaka mmoja au mitatu: unaingia mtandaoni, unalipa kwa simu, unaendelea na maisha. Uwe na miaka 25 au 81, simu haikuulizi kama unaona.

Nina jirani kule Nyamira, mwalimu mstaafu aliyenunua gari kwa kiinua mgongo. Sasa amepita 75 na jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Jioni mvua ikishuka, na huku kwetu mvua haina msimu wa kupumzika, anaendesha kwa kumbukumbu. Anajua kila bampu, kona ya kanisa, mahali ng'ombe wanapovukia. Lakini mtoto wa shule aliyesimama leo mahali ambapo jana hapakuwa na mtu, huyo hayumo kwenye kumbukumbu.

Mbona asiache? Kwa sababu bila gari anabaki mfungwa wa boma lake. Gari ndilo linalompeleka mkewe kliniki ya presha, ndilo linalobeba ndizi hadi Daraja Mbili, ndilo linalomfikisha matangani. Vinginevyo apande boda kwenye mteremko wa matope na nyonga inauma, au matatu inayong'oka kabla hajakaa. Watoto wako Nairobi na Minnesota. Pesa za petroli wanatuma, tena kwa wakati. Kuhusu macho, hakuna aliyewahi kuuliza.

Kwa hivyo wewe unayetaka apokonywe leseni, niambie atafika kliniki vipi. Halafu soma Katiba. Kifungu cha 27 kinakataza kubagua mtu kwa umri wake. Kifungu cha 57 kinawapa wazee haki ya kushiriki katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Isitoshe, kisukari hakingoji mtu afike 70 ndipo kiharibu macho yake. Yule wa miaka 45 anayekodoa macho ndio asome bei dukani, naye yuko barabarani na watu kumi na wanne nyuma yake.

Wenzetu wamejaribu njia mbalimbali. Uingereza, ukifika 70 unafanya upya leseni kila baada ya miaka mitatu, lakini kwa kawaida unajieleza mwenyewe kwamba uko sawa. Januari 2019 Prince Philip, mume wa Malkia, alipata ajali akiendesha gari akiwa na miaka 97. Leseni aliirudisha mwenyewe mwezi uliofuata. Huko Marekani, jimbo la Illinois lilikuwa likimtaka kila dereva wa miaka 79 na kuendelea afanye mtihani wa barabarani. Mwaka 2025 walipitisha sheria ya kusogeza umri huo hadi 87, na wakawaruhusu jamaa wa karibu kutoa taarifa kuhusu dereva asiyeweza tena. Hata wao wameona kwamba tarehe ya kuzaliwa pekee haitoshi.

Ninachodai kwa NTSA ni hiki. Kila anayefanya upya leseni, awe na 22 au 82, apimwe macho. Apimwe hospitalini, Kisii au Nyamira, si kwenye kizuizi cha polisi, maana huko macho mabovu yatapona kwa mia mbili. Na matokeo yatoke hospitalini moja kwa moja hadi kwenye mfumo wa leseni. Karatasi ikipitia mfukoni mwa dereva, tutaanza kuinunua River Road. Anayeona mchana tu apewe leseni ya mchana tu. Mwenye mtoto wa jicho atibiwe, kwa sababu huo ni upasuaji mfupi, na wengi wakishafanyiwa wanaona vizuri tena. Kipimo kama hiki kitawarudisha wazee barabarani wakiwa salama, badala ya kuwafukuza.

Najua jibu la serikali: hakuna pesa. Basi tozo za leseni zinazolipwa kila siku ni za nini? Kama unaweza kunitoza kwa kuendesha, unaweza kunipima kabla ya kuniruhusu.

Nasi tusijifiche nyuma ya serikali. Ukienda nyumbani wikendi hii, simama na baba yako barabarani, hatua ishirini hivi kutoka gari lililoegeshwa, umwambie asome namba yake. Akishindwa, usimnyang'anye ufunguo mbele ya watu. Mpeleke hospitalini Jumatatu, na siku hiyo usukani ushike wewe.