"Ni Uzee Tu" Inavyowaponza Wazee

Bibi amekaa barazani Makunduchi, Zanzibar, anasuka ukili. Vidole vinakwenda vyenyewe, kazi hii anaijua tangu utotoni. Zinazomsumbua ni rangi: ameokota mwaa wa kijani, kumbe ni wa buluu, na pima nzima ya ukili sasa haina budi kufumuliwa. Mjukuu akimuuliza kama haoni vizuri, jibu ni lile lile: "Naona, mjukuu wangu. Ni uzee tu."

Hiyo "tu" ndiyo inayowaponza wazee.

Ukimwita bibi huyu mtu mwenye ulemavu atakasirika, na wanawe vilevile. Kwa watu wengi, mlemavu ni aliyezaliwa hivyo au aliyepata ajali. Lakini karani wa sensa siku hizi haulizi nani ni mlemavu. Anauliza mtu anapata shida kiasi gani kuona hata akivaa miwani, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka, kuoga na kuvaa mwenyewe, kuelewana na wenzake. Kwa maswali ya namna hiyo, Sensa ya 2022 ya Tanzania ilikuta asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Duniani, Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa kwa waliovuka miaka 60 ni zaidi ya asilimia 46. Karibu nusu!

Umri peke yake haufanyi yote hayo. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi, kisukari huua macho na kutia miguu ganzi, magoti yaliyolima na kubeba maji miaka hamsini husagika. Na mengi kati ya hayo yana dawa. Mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza kwa kupofusha watu duniani, huondolewa kwa upasuaji mfupi: lenzi iliyoingia ukungu inatolewa, ya bandia inawekwa, na mara nyingi mgonjwa analala kwake siku hiyo hiyo. Anayeshindwa kuona vya karibu tu, miwani ya kusomea humtosha. Bangladesh, utafiti uliochapishwa 2024 ulionyesha kuwa watu wa kipato cha chini waliopewa miwani hiyo waliongeza mapato yao kwa theluthi moja hivi, wakiwemo wafumaji na washonaji. Msuka ukili ana tofauti gani nao?

Katika kuwatunza wazee, Zanzibar imepiga hatua: tangu 2016 kila mkazi aliyefika miaka 70 anastahili Pensheni Jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye kupandishwa hadi 50,000. Haiulizi nani ni fukara. Tanzania Bara bado haina pensheni ya wazee wote, na huo ni upungufu mkubwa. Hata hivyo, fedha haimpandishi mzee kwenye daladala yenye ngazi ndefu huku konda akigonga bodi gari liondoke, wala haimfikishi kliniki ya macho iliyoko mjini.

Kwa hiyo kupima macho, masikio na presha kuwe kazi ya kila zahanati, mzee asingoje mpaka apofuke. Na wewe mwenye mama au baba aliyevuka miaka 60, safari hii ukienda kumsalimia, mpeleke akapimwe.