MAMBO YA SHAMBA: Mteremko Mmoja, Udongo Mbalimbali

Mtu anunuapo ng'ombe wa maziwa humtazama kiwele, miguu na meno kabla ya kutoa fedha zake. Lakini wakulima wengi hupanda miparachichi, ambayo hata miche iliyounganishwa huchukua miaka mitatu hivi kuzaa, katika udongo wasioupima hata kwa jembe. Hasara yake haionekani upesi. Hujulikana mizizi ikiisha kuoza, na miaka iliyopita hairudi.

Chanzo cha hasara hiyo ni kudhani kwamba shamba moja lina udongo wa namna moja. Sivyo hata kidogo. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, alieleza kwamba udongo hubadilika kutoka kileleni hata bondeni kwa taratibu maalumu, na kilima cha pili hurudia mpango wa kilima cha kwanza. Mpango huo aliuita katena, yaani mnyororo kwa Kilatini.

Mathalan, tazama Mwea, katika Kirinyaga. Palipoinuka pana udongo mwekundu, na mabondeni pana udongo mweusi wa kinamo. Mahali pengine hatua chache tu hutenga aina hizo mbili.

Udongo mwekundu wataalamu huuita Nitisoli, kwa sababu bonge lake likivunjwa huonyesha nyuso zenye kung'aa. Wekundu wake ni kama kutu ya chuma, nao ni dalili kwamba maji hupita vizuri na hewa huingia. Mizizi hushuka mbali. Lakini usidanganywe na rangi: udongo huu mara nyingi una uchachu, na huifunga fosfeti ya mbolea isiifikie mimea. Mbolea za amonia zikitiwa kila mwaka huuzidishia uchachu. Dawa yake ni samadi, na chokaa baada ya kupima.

Udongo mweusi huitwa Vertisoli, yaani udongo ujigeuzao. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana, na vumbi la juu huanguka ndani. Mvua inyeshapo hufura, ukajipindua wenyewe. Hauna budi kutuamisha maji, nayo nyufa zake hukata mizizi. Kwa hiyo parachichi hapo ni hasara tupu. Hata hivyo si udongo mbovu. Ni huo uliochaguliwa kwa mpunga wakati kilimo cha umwagiliaji kilipoanzishwa Mwea katika miaka ya 1950, na hata leo mpunga wake una sifa nchini kote.

Huenda msomaji akauliza: Je, hakuna ramani? Ipo. Mwaka 1982 Idara ya Upimaji Udongo ya Kenya, iliyoko Kabete, ilitoa ramani ya udongo wa nchi nzima. Lakini katika ramani hiyo sentimita 1 ni kilomita 10 za ardhi. Shamba la eka tatu halionekani humo hata kama nukta ya kalamu. Ramani hukuonyesha nchi. Shamba lako utalitazama mwenyewe.

Basi, kabla ya kununua miche, chimba mashimo matatu yenye kina cha mita 1: juu, katikati na chini ya mteremko. Angalia rangi, na mahali mizizi ikomapo. Lowesha udongo kidogo, uuviringishe kwa vidole: ukifanyika uzi mrefu usiokatika, ni wa kinamo. Jaza shimo maji. Yakilala humo hata kesho yake, usipande mti wa matunda hapo. Kisha peleka udongo wa kila sehemu, katika mfuko wake, ukapimwe uchachu. Usiuchanganye, kwani mchanganyiko huleta jibu la shamba lisilokuwapo.