Wafadhili wa tiba ya akili wawekewe masharti

Ni jambo la kawaida humu nchini kuona kampuni ikidhamini mbio za nyika, timu ya kandanda au karo ya mwanafunzi maskini. Ni nadra mno kuiona ikidhamini huduma ya afya ya akili. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mwanariadha hupigwa picha akivishwa nishani. Aliyepona sonona hana nishani ya kuonyesha, na aghalabu hataki ijulikane kwamba aliugua.

Tuseme vijana wa Mulot, mji wa soko ulio mpakani mwa Bomet na Narok, wanataka kuanzisha huduma ya ushauri nasaha. Je, wabishe milango ya kampuni za chai? Naam, wabishe, kwani mkono mtupu haulambwi. Lakini waende na masharti matatu.

La kwanza ni siri. Itakumbukwa kwamba mnamo Februari 2023 shirika la BBC lilifichua jinsi wanawake katika mashamba ya chai ya Kericho walivyodhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Mchumaji mwenye jeraha la namna hiyo atamweleza mshauri nini, ikiwa anashuku kwamba maneno yake yatamfikia msimamizi? Kampuni ilipe, lakini isipewe jina la mgonjwa hata mmoja.

La pili ni lugha, nalo hunigusa mimi niliye mwanaisimu. Tumezoea kuwatia wagonjwa wote wa akili katika kapu moja la "wazimu". Nani atakwenda kutibiwa kwa jina hilo? Nchini Zimbabwe, mpango ulioanzishwa na Dixon Chibanda mwaka 2006, ambapo akina nyanya huwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi benchini, hutumia neno la Kishona "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Hapa kwetu, Taasisi ya Shamiri ilijichagulia neno la Kiswahili lenye maana ya kustawi. Utafiti wake wa mwaka 2021, uliowahusisha wanafunzi 413 wa shule za upili, ulionyesha kwamba vijana wasio matabibu, wakipewa mafunzo mafupi, waliweza kupunguza sonona na wasiwasi kwa vikao vinne tu. Kwa hivyo, fedha za mfadhili zigharimie kwanza mafunzo ya washauri wanaosema Kikipsigis na Kimaasai, ndipo yafuate mabango.

La tatu ni muda. Ufadhili wa mwaka mmoja humfungulia mgonjwa mlango, kisha ukamfungia nje.

Wapo watakaosema kwamba jukumu hili ni la serikali. Ni kweli. Hata hivyo, hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, aliyejaribu kujiua alihesabiwa kuwa mhalifu. Dola iliyochukua miaka hiyo yote kumwondolea mgonjwa pingu haitamletea mshauri hapo Mulot kesho asubuhi.

Walimu na wanafunzi, aghalabu ninyi ndio mnaoombwa kuandika barua za kutafuta ufadhili. Ziandikeni kwa adabu, lakini msipige magoti. Kampuni ya chai ikitoa fedha hizo haitoi sadaka, kwani kila jani inaloliuza limetoka mikononi mwa watu hawa.