Kiboko cha Adili

Wako wanafunzi wapendao hadithi hata humpenda mtu wa hadithini kama ndugu yao. Upendo huo ni mwema, maana humzoeza mtoto kuona uchungu wa mwingine. Lakini una hatari moja: mtu akisha kupendwa, kila alitendalo huhesabiwa kuwa jema. Mfano wake ni Adili, ambaye habari zake ziliandikwa na Shaaban Robert katika kitabu kiitwacho Adili na Nduguze, kilichopigwa chapa mwaka 1952.

Adili alikuwa liwali wa Janibu chini ya Mfalme Rai. Alikuwa mpole, mkarimu na mwenye haki, kama jina lake lisemavyo. Ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, walimwonea kijicho, wakamtupa baharini ili afe. Jini mwanamke aitwaye Huria, ambaye Adili alipata kumwokoa zamani, alimtoa katika hatari ile, akawageuza wale ndugu kuwa manyani. Kisha alimwamuru Adili awapige kila usiku, akamwonya kwamba akiacha, adhabu itamgeukia yeye mwenyewe. Basi mchana liwali alitawala kwa haki na kusifiwa. Usiku alishika kiboko, akawapiga nduguze, kisha akawapa chakula na kuwabembeleza.

Je, alitenda vema? Wampendao hujibu upesi kwamba walistahili. Ni kweli kwamba mwenye kosa astahili adhabu, lakini adhabu ya haki ina kipimo na ina mwisho. Mwizi hufungwa miezi yake, kisha hufunguliwa. Manyani wale walipigwa jana, wakapigwa leo, na kesho walikuwa wakingojea kipigo kingine. Adhabu isiyo na mwisho haimrudi mkosaji, bali humtesa tu.

Wengine husema kwamba aliamriwa, naye aliogopa. Neno hili lina uzito zaidi, wala halifai kudharauliwa, maana hofu ni kitu kikali. Hata chakula kile alichowapa baada ya kipigo chaonyesha kwamba moyo wake haukuridhika. Lakini mkono ulioshika kiboko ulikuwa mkono wake. Amri huweza kupunguza lawama, haiwezi kuiondoa yote. Wala apigwaye haoni maumivu machache kwa kuwa mpigaji ametumwa.

Tena liko kosa lililo kubwa kuliko kipigo chenyewe. Adili alikuwa na mfalme mwenye haki, asimwambie neno. Aliificha siri yake mpaka Ratili, mjumbe wa mfalme, alipokwenda Janibu na kuona kwa macho yake. Ndipo Rai alipomwita Adili aeleze, na Adili alipoeleza, shauri lilitafutwa, na ndugu wale wakarudishiwa umbo la binadamu. Jambo ambalo kiboko cha kila usiku hakikuliponya lilipata dawa siku liliposemwa wazi mbele ya mwenye uwezo.

Wala hayo si mambo ya majini na manyani tu. Mwanafunzi wa Mikese akisimama karibu na stesheni ya Reli ya Kati, huiona milima ya Uluguru. Huko milimani, tangu mwaka 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi, ikisema kwamba ardhi itahifadhika. Kazi ilikuwa nzito, na pengine udongo mzuri wa juu, ulio mwembamba, ulifukiwa chini. Wakubwa wa kienyeji walitakiwa kuisimamia amri hiyo juu ya watu wao wenyewe, yaani jamaa na majirani. Mkubwa wa namna hiyo alikuwa mahali pa Adili: juu yake wenye amri, chini yake ndugu zake, na mbele yake njia mbili, ama kushika kiboko, ama kupeleka juu kilio cha watu. Mwaka 1955 ghasia zilizuka huko Matombo, na baadaye mpango ule ukaachwa. Ole wa nchi ambayo kilio chake hakisikiwi mpaka kigeuke ghasia.

Hata shuleni jambo hili hutokea. Wavulana wakubwa humwamuru mdogo wao amnyang'anye mgeni chakula chake au ampige bwenini, wakimwambia kwamba akikataa, atapigwa yeye. Mtoto huyo yuko katika hofu ya Adili. Asidhani kwamba amepewa njia moja tu. Na aende kwa mtu mzima mwenye haki, aseme yote, hata kama amekwisha kutenda vibaya mara moja au mara mbili. Kusema si usaliti. Msaliti ni yule amwachaye mwenzake apigwe kila usiku naye akinyamaza.

Basi haifai kumchukia Adili, wala kukifunga kitabu chake. Na apendwe kwa ukarimu wake na haki yake, lakini kiboko chake kisipewe jina jema kwa sababu mwenyewe ana jina jema. Na wakati wake wa kuficha ukumbukwe kwa methali ya wazee: mficha maradhi, kifo humuumbua.