Mtoto wa Miaka Minne Ni wa Serikali Gani?

Wahenga walinena kwamba udongo uwahi ungali maji. Methali hii husikika sana katika vikao vya wazazi, na aghalabu humlenga mzazi aliyezembea. Makala haya yanakusudia kuielekeza kwingine: kwa serikali zetu mbili, ya kitaifa na ya kaunti, ambazo zimemwacha mtoto mdogo mwenye mahitaji maalumu kwenye mpaka usio na mwenyewe.

Tuanze mashinani. Kosele ni soko lililo karibu na mji wa Oyugis, katika kaunti ya Homa Bay. Tuseme yuko hapo mtoto wa kike aliyetimiza miaka minne na kupelekwa chekechea. Alipokuwa na miaka miwili aliugua malaria iliyompanda kichwani, akapona. Tangu hapo maneno yake ni machache, husahau upesi, na mara mojamoja hukodoa macho kwa nukta kadhaa kana kwamba hayupo. Nyumbani wanasema atakua tu. Shuleni mwalimu ana watoto wengi, na hakuna aliyemfunza kwamba kule kukodoa macho kwaweza kuwa kifafa. Miaka miwili yapita. Mtoto aingia shule ya msingi akiwa ameshapewa jina la mjinga.

Mtoto huyo ni wa kubuni, lakini maradhi yake si ya kubuni. Ukanda wa Ziwa Viktoria ndio unaosumbuliwa zaidi na malaria nchini Kenya, na matabibu wamethibitisha kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria ya ubongo hubakia na kifafa au ugumu wa kusema, kujifunza na kukumbuka. Wapo pia wanaopungukiwa na usikivu kwa sababu ya masikio yanayotoka usaha bila kutibiwa. Wote hawa husaidika, maadamu wametambuliwa mapema.

Je, ni nani mwenye jukumu la kuwatambua? Hapa ndipo penye fundo. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limegawa majukumu baina ya serikali hizo mbili. Elimu ya chekechea limeikabidhi kaunti. Elimu maalumu, pamoja na shule za msingi na za sekondari, limeiweka mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kila sehemu ukiisoma peke yake ina mantiki. Ukiziunganisha, unapata swali lisilo na jibu jepesi: mtoto wa chekechea anayehitaji elimu maalumu ni wa nani?

Mwalimu wake huajiriwa na kaunti. Wataalamu wa kumpima wako katika vituo vya tathmini na nyenzo za elimu, ambavyo vilianzishwa mwaka 1984 na viko chini ya Wizara ya Elimu. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1986 kuwafunza walimu wa fani hii, nayo ni ya serikali ya kitaifa. Almuradi, jicho linalomwona mtoto kila siku ni la serikali moja, ilhali mkono unaoweza kumsaidia ni wa nyingine.

Yamkini msomaji atauliza: kwani hatuna shule maalumu? Tunazo, na zimefanya kazi ya kutukuka. Katika eneo la Nyanza, Kibos huwafunza wasioona na Nyang'oma huwafunza viziwi. Hata hivyo, shule hizo ni chache na ziko mbali. Kumpeleka bwenini mtoto wa miaka minne ni kumtenga na lugha ya mama, na ndugu zake, na majirani atakaoishi nao maisha yake yote. Fauka ya hayo, mtoto wetu wa Kosele si kipofu wala kiziwi. Anachohitaji ni dawa ya kifafa na mwalimu mwenye subira, na haya yangepatikana papo hapo kijijini.

Kwamba jambo hili linawezekana vijijini si ndoto. Mwaka 2001, shirika la Leonard Cheshire lilianzisha mradi wa elimu jumuishi huko Oriang, Kabondo, katika iliyokuwa wilaya ya Rachuonyo, jirani kabisa na Kosele. Shule tano za msingi za kawaida ziliwapokea watoto wenye ulemavu wakasoma pamoja na wenzao. Somo la Oriang ni kwamba mwalimu akifunzwa, mzazi akishirikishwa na jengo likirekebishwa, mlango wa shule ya jirani hufunguka. Lakini ulikuwa mradi wa shule za msingi. Mtoto wa chekechea bado anangoja Oriang yake.

Wako wanaohofia kwamba kumpima mtoto mapema ni kumbandika jina litakalomwandama. Hofu hii ina uzito, hasa kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Lugha yetu imezoea kumwita binadamu kiwete au kipofu kwa kiambishi kile kile tunachotumia kwa kiti na kisu, ingawa upatanisho wa kisarufi humrudisha katika ngeli ya watu. Lakini tusijidanganye. Mtoto asiyepimwa hakosi jina. Hupewa lile la uwanjani: bubu, zuzu, taahira. Tathmini humwondolea majina hayo, kwani hueleza ni nini kinachomzuia na ni nini kitakachomsaidia.

Basi tufanyeje? Kwanza, hakuna haja ya kurekebisha Katiba. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali hizo mbili kuhamishiana majukumu kwa makubaliano, na cha 189 kinazitaka zishirikiane. Kaunti ya Homa Bay na Wizara ya Elimu zikiandikiana mkataba, mtaalamu wa tathmini ataweza kuingia chekecheani kwa ratiba, badala ya kungoja mzazi afunge safari kumtafuta. Pili, zipo wiki za Malezi Bora, ambapo watoto hupewa vitamini A na dawa za minyoo. Siku hizo hizo masikio, macho na usemi vingeweza kukaguliwa. Tatu, kila mwalimu wa chekechea afunzwe dalili chache za kumtia shaka, na ajue ni nani wa kumwarifu. Hatumtaki awe daktari. Tunataka shaka yake iwe na pa kwenda.

Nasi wanachama tusiseme kwamba haya ni ya wanasheria na matabibu. Wengi wetu tutakuwa walimu. Maelezo ya dalili hizo yaandikwe kwa Kiswahili sanifu na kwa Kijaluo, ili mama wa Kosele ayasome asijihisi anashtakiwa.

Kifungu cha 54 cha Katiba kimempa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu akiwa miongoni mwa jamii yake. Hakikusema haki hiyo ianze darasa la kwanza. Udongo wa Kosele ungali maji leo. Serikali zikiendelea kuulizana ni wa nani, utakauka.