Urithi wa Nyota Usipotee

Umeme ni neema, na hakuna mwenye busara atakayetaka wananchi warudi kwenye koroboi. Lakini neema isiyotumiwa kwa kiasi huzaa hasara, na hasara tunayokusudia kuizungumza leo ni ile isiyopiga kelele. Kadiri miji ya mwambao wetu inavyozidi kung'aa, ndivyo mbingu iliyo juu yake inavyozidi kuwa tupu. Na pamoja na nyota yanatoweka majina, maneno na maarifa yaliyokusanywa na wazee wetu kwa karne nyingi.

Tukitazame Kilimia, kile kishada cha nyota ndogondogo zilizosongamana. Jina lake latokana na kulima. Mnamo mwezi wa Mei, wakati wa masika, Kilimia humezwa na mwanga wa jua. Mnamo Juni, kipupwe kikiwa kimeingia, huzuka tena alfajiri upande wa mashariki. Ndiyo maana wahenga walishika kanuni kwamba kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua. Wala elimu hiyo si ya watu wa pwani peke yao. Waxhosa wa Afrika Kusini hukiita isiLimela, neno la mzizi uleule, na kwa desturi yao mwanamume huhesabu miaka yake ya utu uzima kwa idadi ya mara alizokiona kikirudi tangu alipotoka jandoni. Neno lililoenea kutoka kwetu hadi ncha ya bara hili si mzaha, wala haifai kulibeza kuwa ni ushirikina.

Baharini nako nyota zimeacha alama katika lugha yetu. Suheli, neno ambalo mabaharia hulitumia kwa maana ya kusini, ni jina la nyota kubwa ya upande huo. Matlai, upepo wa mashariki, latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mahali pa kuchomozea. Nyota ya ncha ya kaskazini huzama upeoni mtu avukapo ikweta kwenda kusini. Kwa hiyo manahodha waliofika Kilwa na Zanzibar iliwapasa kuzijua nyota nyingine, kila moja na mahali pake pa kuchomoza na pa kuzama. Na huko Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, wakulima waligawana maji ya mifereji usiku kwa kuzitazama nyota zikipanda, ili kila mtu apate zamu yake pasipo dhuluma.

Sanaa yetu pia ilizaliwa katika giza hilo. Hadithi ilikuwa mali ya usiku: bibi hakusema "Paukwa" ila kazi za mchana zimekwisha, na wajukuu wakaitikia "Pakawa" wakiwa wamekaa uani chini ya mbingu. Tumewaita binti zetu Zuhura na Thuraya, na huyu wa pili amebeba jina la Kiarabu la Kilimia hichohicho. Mtunzi anayefananisha wingi wa jambo na nyota za mbinguni hutegemea kwamba msikilizaji wake amewahi kushindwa kuzihesabu. Je, mtoto wa mjini anayeona nyota kumi na mbili tu, na kuzihesabu pasipo taabu, ataelewa nini?

Hatuzungumzi jambo dogo. Uchunguzi wa wanasayansi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba theluthi moja ya wanadamu hawawezi tena kuiona Njia ya Maziwa kutoka mahali wanapoishi. Afrika ingali na bahati ya kuwa na maeneo mapana yenye giza safi, lakini bahati isiyolindwa haidumu.

Wapo watakaosema kwamba taa ni usalama, na kwamba mama anayerudi kutoka sokoni usiku hahitaji nyota bali njia iliyo wazi. Hoja hiyo ni ya haki, nasi twaikubali. Lakini taa inayomulika mawingu haimsaidii mama huyo. Taa iliyofunikwa juu na kuelekezwa chini humwangazia njia, hupunguza gharama ya umeme, na huiachia mbingu giza lake. Namibia imekwisha kuonyesha mfano: tangu mwaka 2012 hifadhi ya NamibRand inatambuliwa kimataifa kuwa hifadhi ya mbingu ya giza, na wageni husafiri kutoka mbali kwenda kuona kile ambacho makwao kimefutika.

Kwa hiyo twatoa wito. Halmashauri za miji na wenye mahoteli ya ufukweni wazifunike taa zao. Mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, yawatume vijana kwa wavuvi, manahodha na wakulima wazee kuandika majina ya nyota na kanuni zake kabla wenye elimu hiyo hawajatutoka. Walimu nao, wanapofundisha sayari darasani, wawaambie wanafunzi kwamba Mshtarii, Zohali na Mirihi zilikuwa na majina katika Kiswahili kabla ya shule zao kujengwa.

Taa huzimwa kwa kidole kimoja na nyota zikarudi usiku uleule. Lakini mzee akishazikwa na majina yake, hakuna swichi ya kumrudisha.